Wimbo Badala ya Kisu: Sanaa ya Jamii na Tohara ya Wasichana katika Meru na Embu

Mnamo Agosti 1996, katika kijiji cha Gatunga huko Tharaka, familia zipatazo 30 ziliwavusha binti zao kutoka utotoni hadi utu uzima bila kuwapasha tohara. Wasichana walitengwa kwa muda wa juma moja, wakafunzwa, kisha wakatolewa hadharani kwa nyimbo, ngoma na maigizo mbele ya wazazi, majirani na wageni. Hatua kuu za mila zilikuwapo zote isipokuwa moja. Sherehe hiyo iliitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Tafsiri hii ndiyo iliyozoeleka, ingawa neno mugambo limebeba zaidi ya maneno: ni sauti yenyewe, ile inayomtoka mtu kooni na kusikiwa na wenzake.

Sherehe ya Gatunga imekuwa ikielezwa mara nyingi kama mradi wa afya. Maelezo hayo yana msingi, kwa kuwa waasisi wake, Chama cha Maendeleo ya Wanawake kikishirikiana na shirika la PATH, walianza na utafiti kuhusu madhara ya ukeketaji na mitazamo ya jamii kuuhusu. Makala haya yanaukabili mradi huo kutoka upande mwingine, yaani kama kazi ya sanaa ya jamii. Hoja inayoendelezwa ni kwamba sanaa haikuwa pambo lililobandikwa juu ya kampeni ya daktari. Katika nchi ya Meru na Embu, tohara ya wasichana ililindwa kwa wimbo na ngoma kabla ya kulindwa kwa hoja yoyote, na kila jaribio la kuikomesha lililoupuuza ukweli huo lilijibiwa kwa wimbo, na safari moja kwa wembe.

Yafaa kwanza mahali paeleweke. Tharaka ni nchi kame iliyo mashariki ya Mlima Kenya, kuelekea Mto Tana. Katika utawala wa zamani ilihesabiwa ndani ya Meru pana, pamoja na Chuka, Mwimbi, Imenti, Tigania na Igembe. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, imekuwa katika Kaunti ya Tharaka Nithi, ikiwa na Meru upande wa kaskazini na Embu upande wa kusini. Mpaka wa Embu na Chuka ni Mto Thuci, na mto huo haujapata kuzuia nyimbo wala desturi kuvuka.

Unyago kama sanaa ya maonyesho

Wanafunzi wa Kiswahili hawahitaji kwenda mbali kutafuta kigezo cha kuuchambulia mradi kama huu. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho cha mwaka 1976, walieleza kwamba sanaa ya maonyesho hukamilika panapokuwa na mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Kwa kigezo hicho pazia na tikiti si lazima. Jando na unyago vinahesabika kuwa sanaa za maonyesho kamili, na pengine ndizo zenye uzito kuliko nyingine zote kwa sababu mtendaji wake hutoka uwanjani akiwa mtu mwingine mbele ya macho ya jamii yake.

Miongoni mwa Wameru tohara ya msichana ilikuwa kiungo kimoja katika mnyororo mrefu. Kulikuwa na kutogwa masikio na kuchanjwa chale tumboni, kisha tohara yenyewe, kisha kutengwa na kufunzwa, na hatimaye ndoa. Wanawake waliokuwa wamezipita hatua hizo walikuwa na baraza lao, kiama gia ntonye, ambalo ndilo lililosimamia unyago na kuadhibu waliokiuka miiko yake. Mama wa nyumba alipata heshima mpya binti yake alipovuka, kwa hiyo sherehe haikuwa ya msichana peke yake. Kukiondoa kisu bila kufikiria viungo hivi vingine ni sawa na kumwambia mama kwamba cheo chake kimefutwa.

Kisha kuna jina. Msichana ambaye hajatahiriwa aliitwa mukenye. Kwa mtoto wa miaka minane jina hilo lilikuwa la kawaida tu. Kwa msichana aliyekwisha kukua, hasa aliyeolewa, lilikuwa tusi, nalo halikusemwa kwa upole faraghani. Liliimbwa. Lilikuwa katika nyimbo za dhihaka ambazo wenzake waliweza kuzianzisha njiani, mtoni au kwenye ngoma, na ambazo hazikuwa na mwenyewe wa kushtakiwa kwa kuwa wimbo huimbwa na wote. Hapa ndipo wengi wa waliopinga tohara walipokosea tangu mwanzo. Walileta hoja za afya na za dini, nazo zilikuwa za kweli. Lakini msichana aliyezisikia kanisani Jumapili alikutana na wimbo kisimani Jumatatu.

Amri mbili na majibu yake

Mwaka 1929 makanisa ya kimisheni katika nchi ya Wakikuyu na majirani zao yaliwataka waumini watie kidole kwenye kiapo cha kuikana tohara ya wasichana. Misheni ya Kanisa la Skotlandi huko Chogoria, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1922, ilipoteza sehemu kubwa ya waumini wake. Kituo cha Waanglikana cha Kigari huko Embu, kilichofunguliwa mwaka 1910, nacho kiliingia katika mvutano huohuo. Walioipinga amri ya makanisa hawakutegemea barua kwa gavana pekee. Waliimba. Muthirigu, wimbo wa kuchezwa ulioenea kwa kasi ya ajabu kutoka Ukikuyu, uliwakejeli wamisionari, machifu na Wakristo waliotia kidole, na kuwatukana wasichana wasiotahiriwa. Serikali ya kikoloni iliupiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 1930. Serikali haina kawaida ya kupiga marufuku jambo isiloliogopa, na katika kisa hiki ilichoogopa kilikuwa wimbo.

Amri ya pili inastahili kuelezwa kwa kirefu zaidi. Mnamo Aprili 1956, wakati wa Hali ya Hatari, baraza la wazee la Njuri Ncheke, kwa himizo la utawala wa wilaya, lilitangaza marufuku ya tohara ya wasichana katika Meru nzima. Uamuzi huo ulipitishwa na wanaume kwa kauli moja. Kiama gia ntonye, wenye shughuli yao, hawakuulizwa. Kilichofuata kimeelezwa kwa kina na mwanahistoria Lynn Thomas, aliyewahoji wanawake walioshiriki: wasichana walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani au mashambani, wakatahiriana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, jina linalomaanisha "nitajitahiri". Katika muda wa miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wakiwamo wasichana wenyewe, mama zao na baba zao, walishtakiwa kwa kuivunja marufuku hiyo.

Kisa cha Ngaitana kimefasiriwa kwa namna nyingi: kama uasi dhidi ya mkoloni, kama utetezi wa mila, na hata kama ushindani wa rika. Fasiri hizo zinaweza kusimama pamoja. Kwa mtazamo wa sanaa za maonyesho, hata hivyo, kuna jambo jingine la kuangaliwa. Ngaitana hawakuwa na karamu. Hawakuwa na makungwi wa kuwafunda, wala ngoma ya kuwatoa, wala watazamaji wa kushuhudia kwamba wamevuka. Kati ya mambo yote ya unyago walibaki na wembe tu, na baadhi yao walidharauliwa na wanawake wazima kwa sababu hawakuwa wametahiriwa inavyopasa. Marufuku ya mwaka 1956 ilinuia kukiondoa kisu na kuiacha mila nyingine. Matokeo yake yalikuwa kinyume: iliiondoa sanaa na kukiacha kisu.

Kilichobadilishwa Gatunga

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Maendeleo ya Wanawake na PATH walifanya utafiti katika wilaya nne, Meru ikiwa mojawapo, ili kujua ni kwa nini wazazi waliendelea na tohara ilhali wengi wao walikwisha kusikia madhara yake. Majibu yalirejelea mambo yaleyale ya kale: msichana atachekwa, hataolewa, hatahesabika kuwa mtu mzima. Kutokana na hayo liliibuka wazo la kuihifadhi sherehe. Haikuanzwa na sherehe, lakini. Palitangulia vikao vya muda mrefu na akina mama, akina baba, wazee, walimu na viongozi wa dini, na sherehe ya Agosti 1996 ilifanywa na familia zilizokuwa tayari zimeamua.

Juma la kutengwa liliwekwa wakati wa likizo ya shule. Wasichana walifundishwa kuhusu miili yao na mabadiliko yake, uzazi, usafi, magonjwa ya zinaa na UKIMWI, heshima kwa wakubwa, na namna ya kuushinda ushawishi wa marafiki. Baadhi ya mafunzo hayo bibi zao wangeyatambua mara moja, mengine yangewashangaza. Siku ya kutoka ilikuwa ya nyimbo, ngoma, maigizo, zawadi na vyeti. Habari zilienea, na kufikia mwisho wa mwaka 1997 familia nyingine zipatazo 300 zilikuwa zimefuata mkondo huo.

Tukirudi kwenye mambo manne ya Muhando na Balisidya, dhana haikubadilika. Iliyotendeka ni ileile ya kale: mtoto amevuka. Uwanja ulisogezwa hadharani zaidi. Mabadiliko makubwa yako kwa watazamaji na kwa mtendaji. Katika unyago wa zamani wanaume hawakuruhusiwa kukaribia mahali pa tohara. Huko Gatunga baba na kaka walikuwa miongoni mwa watazamaji, na ilibidi wawepo. Ikiwa sababu kuu ya mzazi ni kwamba binti hataolewa, basi wanaooa na wanaopokea mahari ndio wanaopaswa kuuona mvuko mpya kwa macho yao na kuukubali mbele ya wengine. Mtu aliyeketi akashangilia sherehe ya binti wa jirani hawezi kwa urahisi kumwita msichana huyo mukenye juma linalofuata.

Kuhusu mtendaji, badiliko ni la kina zaidi, na ni ajabu kwamba halitajwi mara nyingi. Katika tohara ya kisu utendaji wa mwari ulikuwa ukimya. Alipimwa kwa kutolia, kutotikisika, kutofumba macho. Wengine waliimba kwa niaba yake, na ushujaa wake ulikuwa kunyamaza huku akiumizwa. Katika Ntanira na Mugambo mwari ndiye anayeimba, ndiye anayeigiza, ndiye anayetamka alichofundishwa. Anapimwa kwa sauti. Jina la sherehe linalisema hilo waziwazi kwa mwenye kuisikia lugha, na kampeni nyingi zilizoiga mpango huu mahali pengine chini ya jina la kitaalamu la "mvuko mbadala" zimelipoteza jambo hilo, zikabaki na juma la masomo na fulana za bure.

Kwa wavulana, ambao tohara yao haina mgogoro wa aina hii, Hospitali ya PCEA Chogoria ilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1990 mpango wa kuunganisha upasuaji salama na juma la kutengwa na kufunzwa. Yaani misheni ileile iliyopoteza waumini mwaka 1929 kwa sababu ya kiapo ilikuja kukiri kwamba muda wa kutengwa ni shule ambayo haifai kuachwa ife.

Mahali ambapo ngoma imekwisha kunyamaza

Mwaka 2001 Jane Chege, Ian Askew na Jennifer Liku walitoa tathmini ya mpango huu nchini Kenya kwa niaba ya Baraza la Idadi ya Watu, na matokeo yake yanafaa kusomwa na kila kikundi cha sanaa chenye nia ya kuleta mabadiliko. Waligundua kwamba sherehe peke yake haikuwafanya watu waache ukeketaji. Familia zilizoshiriki zilikuwa, kwa kiasi kikubwa, zile zilizokuwa zimeshawishika mapema kupitia mikutano na mafunzo ya awali. Aidha, walisisitiza kwamba mpango hauwezi kuhamishwa ulivyo hadi mahali ambapo tohara ya wasichana haiandamani na sherehe ya hadharani.

Wako watakaosema kwamba matokeo hayo yanaidhoofisha hoja ya sanaa. Kinyume chake, yanaonyesha kazi yake halisi. Uamuzi hufanywa nyumbani, polepole, kwa mazungumzo. Lakini uamuzi wa nyumbani ni dhaifu mbele ya wimbo wa kisimani. Familia moja ikiamua kwa siri, binti ataenda shuleni akachekwa, na mwaka ujao bibi atampeleka kwa ngariba kwa huruma. Familia 30 zikiimba pamoja siku moja, kicheko kinakosa pa kuanzia. Sanaa haikuwashawishi wazazi wa Gatunga; iliwapa mahali pa kusimama wakionekana.

Suala la mahali pasipo na sherehe ni gumu zaidi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilipiga marufuku ukeketaji wa watoto, na Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011 ikauharamisha kwa wanawake wa umri wowote. Takwimu za kitaifa za afya zinaonyesha kushuka kwa kudumu: asilimia 38 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa kulingana na utafiti wa mwaka 1998, asilimia 27 katika ule wa 2008–09, asilimia 21 mwaka 2014, na asilimia 15 mwaka 2022. Sheria imesaidia, na hapana haja ya kulikana hilo. Hata hivyo, katika sehemu nyingi za nchi, zikiwamo baadhi ya sehemu za Meru na Embu, kilichobaki kimejificha. Hufanywa usiku au alfajiri, kwa watoto wadogo zaidi, nyuma ya mlango uliofungwa, na pengine kwa mkono wa mtu mwenye mafunzo ya uuguzi. Hakuna ngoma, kwa sababu ngoma ingemwita chifu. Hakuna mafunzo, kwa sababu mtoto wa miaka minane hafundwi ndoa. Ni hali ya Ngaitana imerudi, isipokuwa kwamba safari hii wasichana hawakuichagua.

Katika mazingira hayo kuleta "sherehe mbadala" kunaweza kuwa kujibu swali ambalo halijaulizwa. Mzazi wa Embu anayemkeketa bintiye kimya hafuati unyago, anafuata hofu. Sanaa inayohitajika hapo ni ya aina nyingine, ile inayoitoa siri barazani ili izungumzwe.

Jukwaa la kijiji

Aina hiyo ya sanaa ina historia katika Afrika Mashariki. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na vibarua wakishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walijenga ukumbi wao na kuigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, hadi kibali kilipofutwa mwezi Novemba mwaka huohuo. Kituo chenyewe kilibomolewa mwaka 1982. Nchini Tanzania, Penina Mlama, ambaye ndiye Muhando wa kitabu cha 1976, aliongoza na wenzake miradi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo vijijini mapema katika miaka ya 1980, Malya katika Mkoa wa Mwanza ukiwa wa mwanzo. Wanakijiji wenyewe walichunguza matatizo yao, wakayatungia maonyesho kwa ngoma na ngonjera zao, kisha wakayajadili. Mwaka 1996 yeye na Amandina Lihamba walianzisha Tuseme, mradi wa maigizo wa kuwawezesha wasichana wa shule za sekondari kusema yanayowakwaza. Ni mwaka uleule wa Gatunga, na majina ya miradi hiyo miwili, mmoja ukitaja sauti na mwingine ukihimiza kusema, yanakaribiana kuliko ambavyo waasisi wangeweza kupanga.

Katika masoko, viwanja vya shule na makanisa ya Meru na Embu, igizo la kupinga ukeketaji limekuwa jambo la kawaida. Ubora wake ni suala jingine. Mara nyingi mtiririko unajulikana kabla ya kuanza: ngariba mzee mwenye kisu chenye kutu, baba mlevi mwenye tamaa ya mahari, msichana anayelia, daktari mwenye koti jeupe anayekuja mwishoni kuhutubia. Watazamaji hucheka pale mlevi anapoanguka, hupiga makofi daktari anapomaliza, na kwenda zao. Kasoro ya igizo kama hilo ni kwamba hakuna mtazamaji anayejiona ndani yake. Bibi anayempeleka mjukuu kwa ngariba hana kutu moyoni. Anampenda mjukuu na anaamini kwamba anamwokoa na aibu. Igizo lisilompa bibi huyo maneno yake ya haki halijaanza kuzungumza naye.

Mbinu ya Augusto Boal wa Brazili, iliyoenea duniani tangu miaka ya 1970 na kutumiwa na vikundi vingi nchini Kenya, inatoa njia. Igizo linasimamishwa pale mgogoro unapofika kileleni, na mtazamaji anaalikwa aingie uwanjani achukue nafasi ya mhusika na ajaribu kutenda vingine. Anayeingia akijifanya mama mkaidi hugundua kwamba mama mkwe ana jibu. Mwingine anaingia na jibu la jibu hilo. Ni mfumo ambao wenyeji wa eneo hili hawakuhitaji kuletewa kutoka Brazili, kwani wimbo wao wa kale una kiongozi na waitikiaji, na mwitikiaji mwenye kipaji hubadilika kuwa kiongozi wimbo ukiendelea. Shida ni kwamba mbinu hii haina hitimisho la kuandikwa kwenye ripoti ya mfadhili. Kikundi kinacholipwa kwa kila onyesho hupendelea mwisho unaojulikana.

Kuna pia mamlaka ambayo hakuna igizo linaloweza kuipuuza. Mwaka 2009 Njuri Ncheke lililaani ukeketaji na kutangaza kwamba litawatoza faini wanaouendeleza. Kwa kuwa baraza hilohilo ndilo lililotoa amri ya mwaka 1956, tamko lake la pili lilihitaji kufikishwa kwa njia bora kuliko ya kwanza. Mzee wa Njuri akikaa katika kiti cha mbele wakati wasichana wanapoimba, faini inapata uso. Akibaki katika taarifa ya gazeti, wanawake wana haki ya kuuliza, kama walivyouliza mama zao, ni nani aliyewashauri.

Lugha ya jukwaa hili si jambo la pembeni, na ni aibu kidogo kwamba wanafunzi wa Kiswahili wameliachia watu wa afya. Katika mji wa Embu, Runyenjes, Maua au Makutano mjini Meru, ambako Mmbeere, Mchuka, Mkamba na Msomali hukutana sokoni, Kiswahili ndicho chombo, na tamthilia andishi ya Kiswahili imekwisha kuonyesha uwezo wake. Natala ya Kithaka wa Mberia, iliyochapishwa mwaka 1997, inamweka jukwaani mjane anayekataa kurithiwa, na haimfanyi angoje mtu wa kumwokoa. Inafaa kukumbuka kwamba mwandishi huyohuyo alikwisha kuandika tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka 1993 juu ya Kitharaka, lugha ya Gatunga. Lakini kwa wimbo wa dhihaka Kiswahili hakitoshi. Mukenye haina neno linaloilingana katika Kiswahili. "Msungo", lililo karibu nayo, halimchomi mtu yeyote huko Tharaka. Kwa hiyo vikundi vinavyofaulu vinaweza kuyabakiza mazungumzo katika Kiswahili na kuziacha nyimbo katika lugha ya watazamaji.

Nyimbo zenyewe zinahitaji mkusanyaji. H. S. K. Mwaniki alizunguka Embu na Mbeere akawarekodi wazee, na mwaka 1974 masimulizi hayo yakachapwa. Bila yeye sehemu kubwa ya kumbukumbu za Embu za kabla ya ukoloni ingekuwa imezikwa pamoja na wenyewe. Kazi ya namna hiyo bado inawezekana kwa nyimbo za Ntanira na Mugambo. Wasichana wa Agosti 1996 sasa ni wanawake wa miaka arobaini hivi, baadhi yao wana binti waliokwisha kuupita umri huo wa mvuko, na Gatunga si safari ndefu kutoka vyuo vikuu vya Chuka, Meru na Embu.